Pini ya Kumi na Mbili

Kwenye karakana ya Mama Turubai pini hutoka kumi na mbili na hurudi kumi na mbili. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa nilipoingia pale, hata kabla ya kuonyeshwa jinsi ya kupitisha uzi kwenye cherehani kubwa. Pini zetu si zile za magauni. Ni ndefu, ngumu, zina vichwa vyeusi, kwa sababu tunashona vitu vizito: turubai za malori, viti vya pikipiki, mikoba ya mizigo, makoti ya watu wanaofanya kazi nje. Pini ikisahaulika kwenye gauni itamchoma mtu, atasonya, basi. Ikisahaulika kwenye kiti cha dereva ni habari nyingine.

"Watoto nimewazaa bila kuhesabu," Mama Turubai alikuwa akisema, "lakini pini nahesabu."

Mwaka ule msimu wa baridi ulipoanza tulipewa kazi ya msafara. Ng'ambo ya mlima kuna vijiji ambavyo barabara yake hufungwa na theluji kwa miezi minne, na lori haliwezi kupita. Pikipiki hupita, tena si kila pikipiki wala si kila dereva. Kila mwaka zinakwenda tatu zikiwa na dawa, siku sita kwenda na siku tano kurudi, kwa sababu kurudi hakuna mzigo. Dereva wa mbele, yule anayefungua njia wenzake wamfuate, alikuwa kaka yangu.

Kaka ndiye aliyenilea. Wazazi walipotutoka nilikuwa darasa la tano na yeye ndiyo kwanza anaanza kuota ndevu, na tangu hapo kila nilichokula kilipita mikononi mwake kwanza. Mikono yenyewe ilikuwa na sifa yake mjini. Madereva walisema anaweza kushika breki juu ya barafu kama mtu aliyeshika yai la njiwa.

Aliniita Ukuta. "Kuta zina masikio," aliwaambia wageni, "na huu wa kwangu una masikio na macho. Mdomo tu ndio fundi alisahau kuuweka." Sikumlaumu. Dukani mimi hungoja wateja wote waishe ndipo niseme ninachotaka, na wasipoisha hurudi nyumbani bila chumvi.

Wiki mbili kabla ya safari nyumba yetu iligeuka bohari. Kaka alitandika turubai kuukuu sebuleni na kila kitu kikawa na mahali pake juu yake: plagi, tyubu mbili, viraka na gundi, waya, spana tano tu maana kila spana ni uzito, jiko dogo la mafuta ya taa, kiberiti kilichofungwa ndani ya nailoni mara mbili, magazeti ya kuweka kifuani upepo usipenye. Minyororo ya kuvalisha matairi aliiunga mwenyewe. Buti zilikuwa kubwa kuliko miguu yake ili soksi mbili za sufu ziingie bila kubana, kwa sababu buti inayobana ndiyo inayogandisha.

Wifi yangu alikuwa akiviruka vitu hivyo na sufuria mkononi. "Mume wangu, nikitaka kufika jikoni nikate tiketi?"

"Kata ya kwenda na kurudi," kaka alimjibu. "Ya kwenda tu ni mkosi majira haya."

Asubuhi wifi alimfunga vifungo vya shati kaka akiwa amesimama wima kama mtoto wa shule, huku akimtania kwamba amezeeka kwa kudekezwa. Mimi nilikuwa nikitazama pembeni. Niliona ni mapenzi.

Kule karakana nilishona toka asubuhi mpaka jioni. Koti la dereva wa mbele ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa yeye ndiye anayepokea upepo kabla ya wengine. Nje turubai laini, katikati blanketi la sufu, ndani ngozi ya kondoo. Kaka alinifundisha kwamba baridi haiingii mlangoni, inaingia kwenye tundu la sindano, kwa hiyo kila mshono niliusugua kwa nta tuliyoyeyusha kwenye kopo. Vidole vyangu vilinata wiki nzima. Zilibaki glavu.

Jumatatu kaka akaja kuzijaribu. Ya kushoto ilikuwa tayari. Ya kulia bado, sufu ya ndani ilikuwa imeshikizwa kwa pini tu, na nilikuwa nazitoa moja baada ya nyingine kila nilipopitisha uzi. Aliichukua mezani akaivaa.

"Hii hii," alisema. "Naenda kuijaribu mlimani sasa hivi, kabla jua halijapasha lami."

"Bado sijamaliza ndani," nilisema, lakini Mama Turubai alikuwa akikanyaga cherehani kubwa na sauti yangu haikuvuka meza.

Alipotoka nikahesabu pini kwenye kopo. Kumi na moja. Nikazimwaga mezani nikahesabu tena. Nikakimbia mpaka mlangoni. Kaka alikuwa ng'ambo ya barabara anawasha injini, na kati yetu kulikuwa na foleni ya watu wenye ndoo bombani. Ili anisikie ilibidi nipige kelele mbele ya watu wale wote. Niliinua mkono. Naye akainua wake, akacheka, akaondoka.

Nilijiambia kwamba hatafika kona. Pini itamchoma, atarudi akinitukana. Nilikaa nikingoja matusi.

Hayakuja. Alirudi saa nane mchana, uso umepauka kwa baridi na amefurahi.

"Ukuta, umeua," alisema. "Hizi si glavu, ni kitanda. Mkono umelala humo kama kichanga."

Akaivua ya kulia kwa meno. Nilikuwa nimemwona akivua vitu kwa meno mwaka mzima, nikidhani ni tabia za madereva. Mkono ulipotoka ulikuwa na damu iliyokauka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kwenye nyama ya chini ya kidole gumba kulikuwa na matundu, si moja, ni mengi, yamejipanga mahali pini ilipokuwa ikisogea kila alipozungusha mpini wa mafuta. Yalifanana na mshono. Pini yenyewe ilikuwa bado imezama, kichwa chake cheusi kimelala juu ya ngozi.

"Nini?" aliniuliza. Alikuwa ananitazama mimi, si mkono.

"Mkono," nilisema.

Akautazama. Kwanza alishangaa, kama mtu aliyeonyeshwa jeraha la jirani. Kisha akacheka.

"Ah, hii? Niliisikia. Sasa mwanaume mzima nilie kwa pini?"

Akaichomoa, akaniwekea kiganjani. Mama Turubai alikuwa ametoka nyuma kukung'uta turubai, tunamsikia akizipiga kwa fimbo. Tulikuwa wawili tu.

"Funga macho," nilimwambia.

Sidhani nilikuwa nimewahi kumwamuru kaka yangu kitu chochote. Labda ndiyo maana alitii. Zamani, siku zile za kwanza kwanza tulipobaki peke yetu, alikuwa akinifumbisha macho na kuniwekea vitu mkononi nikisie, ili nisahau kulia. Sasa alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, kiganja juu, anatabasamu.

"Nimekuwekea nini?"

"Ufunguo," alijibu haraka.

Nilikuwa bado sijaweka kitu.

Alifumbua macho akakiona kiganja kitupu. Akakaa juu ya robota la turubai, polepole, kama mzee. Nje fimbo iliendelea kupiga.

"Tangu mwaka jana," alisema. "Kule kwenye shingo ya mlima, pale barabara inapovukia, tulilowa siku mbili. Vilianza vidole, nikasema vitarudi. Wa kushoto unasikia nusu. Huu umekwenda."

"Breki unajuaje?"

"Naangalia vidole. Na nasikiliza injini."

"Ukungu ukishuka?"

Alianza kunieleza mambo ya mkuu wa msafara, kwamba anastaafu mwezi wa tatu na amemwahidi kumwachia karakana ya pikipiki. Kiti, meza, kabati la spea, jiko la kuni nyuma ya mgongo. Hatagusa barafu tena maisha yake. Ila lazima amalize safari hii, kwa sababu karakana haipewi mtu aliyeshindwa.

"Moja tu, Ukuta. Nikisema leo natupwa kama tairi lililokwisha. Niapie hutasema."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Kwa mdomo."

"Naapa," nilisema.

Akacheka kidogo. "Na mimi namwogopa nani, ukuta!"

Siku zilizofuata nilijaribu kulimaliza jambo lile kwa sindano, maana ndicho kitu ninachokijua. Niliipunguza sufu upande wa kiganja ili wenzo wa breki uwe karibu na ngozi. Nikashonea ukanda wa ngozi ngumu kwenye vidole viwili, nikifikiri utaupata wenzo hata kama vidole havijui viko wapi. Nikafumua nikashona tena. Jumatano jioni nilijikuta nimeishika glavu nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na nikatambua kwamba nilikuwa namshonea mkono uliokufa.

Alhamisi akaja muuguzi kupimwa koti. Alikuwa binti wa rika langu, anaongea kwa niaba ya watu wawili. Mwaka huo msafara ulikuwa unampeleka akae kule vijijini mpaka theluji iyeyuke.

"Pikipiki naiogopa kama jini," aliniambia huku amenyoosha mikono nimpime. "Nilipomwambia mama alilia, akasema si afadhali uolewe. Lakini wameniweka nyuma ya dereva wa mbele. Wanasema ana mkono ambao hata barafu inauheshimu. Unamjua?"

"Ni kaka yangu."

"Eh! Basi niapie hataniangusha."

Nilipima mgongo wake. Nikaupima tena. Namba ziliniingia machoni zikatoka.

"Hunijibu?" Akacheka. "Haya, ukimya ni ndiyo. Nitamwambia mama nimeapiwa na dada mtu."

Koti lake nililimaliza Ijumaa. Nilimwongezea ngozi ya kondoo upande wa mbele, ingawa abiria huwa hawekewi.

Jumamosi asubuhi tukaenda uani kwa msafara. Kuna desturi pale siku ya kuondoka. Vifaa vyote hutandazwa juu ya turubai, mkuu wa msafara anasoma kitu kimoja kimoja kwenye orodha, na dereva anakiinua juu watu wakione. Pampu, pampu inainuliwa. Kamba, kamba inainuliwa. Mwishoni mkuu huwageukia ndugu waliosimama ukutani akauliza, "Kuna mwenye neno?" Swali hilo liliwekwa tangu mwaka ambao mke wa dereva mmoja alijua mumewe ana homa akanyamaza. Siku hizi watu hulijibu kwa utani.

Asubuhi ile kaka alikuwa akiinua vitu kwa mkono wa kushoto. Niliona. Sijui kama kuna mwingine aliyeona.

"Kuna mwenye neno?" mkuu aliuliza.

"Mama mkwe wangu analo," alisema dereva wa pili, tuliyekuwa tukimwita Kipara. "Lakini mkianza kumsikiliza yule hatutaondoka mpaka kiangazi."

Watu wakacheka. Mkuu naye akacheka, halafu akauliza mara ya pili, kama inavyotakiwa. "Mwingine?"

Mdomo wangu ulifunguka. Nauhakikishia moyo wangu mpaka leo kwamba ulifunguka. Baridi iliingia, neno halikutoka. Kaka alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, anatabasamu. Muuguzi alikuwa ameshavaa koti langu, anajifunga skafu, mguu mmoja tayari uko kwenye kikanyagio cha pikipiki ya kaka. Aliponiona akanipungia mkono.

Pini nilikuwa nimeichomeka kwenye ukosi wa gauni, mahali ninapoziweka kila siku nikiwa kazini. Sikuwa nimepanga kitu. Nilivuka ule uwanja mbele ya watu wote, mimi ambaye sivuki hata foleni ya bomba, nikaenda kumuaga kaka yangu.

Nilimshika mkono wa kulia, mtupu, kwa mikono yangu miwili, nikauinua mpaka usawa wa kifua. Alikuwa amemgeukia mkuu, wanazungumza habari za mafuta. Nikachomoa pini kwenye ukosi. Nikaiweka juu ya yale matundu ya Jumatatu, nikaisukuma. Polepole. Mpaka kichwa cheusi kikagusa ngozi.

"Tukifika daraja la pili ndipo tujaze," kaka alikuwa akisema, "si kabla, kwa sababu pale kabla kuna upepo na mafuta yanamwagika, mwaka juzi tulipoteza karibu—"

Mkuu alikuwa ameacha kumtazama usoni. Kipara aliacha kucheka. Mtu mmoja nyuma yangu alivuta pumzi. Ukimya ukazunguka uani kote na ndani yake sauti ya kaka ikabaki peke yake, inaeleza mambo ya upepo, mpaka naye akaisikia kuwa iko peke yake. Akafuata macho ya watu. Akashuka nayo mpaka mkononi mwake.

"Tangu lini?" mkuu aliuliza.

Kaka alikuwa bado anaitazama pini.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Mwaka jana."

Mkuu wa msafara ni mtu wa sauti kubwa, lakini siku ile alizungumza taratibu, kama yuko chumba cha mgonjwa. Akachomoa ufunguo kwenye pikipiki. "Kipara, unakwenda mbele, dereva wa akiba ashike nafasi yako. Muuguzi, panda na Kipara." Kisha akasita. "Na hilo koti, itabidi umpe. Na glavu."

Kwa sababu dereva wa mbele ndiye mwenye koti zito, na lilikuwa moja tu.

Kaka akaanza kujivua. Koti nililiwekea vifungo vikubwa vya chuma ili vifunguke hata mtu akiwa na baridi kali. Vilimshinda. Alikuwa akiviangalia na vidole vinateleza, kimoja, kingine, watu wote wamesimama. Mwishowe wifi akatoka ukutani, akaja, akamfungua vifungo kimoja baada ya kingine toka juu mpaka chini mbele ya msafara mzima. Hakuna aliyetania.

Alipopita mbele yangu na shati lake tu, kaka alisimama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, bila kupaza sauti. "Na nguo yenyewe kakushonea dada yako."

Nyumbani wifi alisubiri mpaka kaka alipolala. Ilikuwa bado mchana. Alikuwa amekaa juu ya lile turubai kuukuu, sasa halina kitu.

"Wewe unadhani mimi nilikuwa sijui?" aliniuliza. "Nani anamfunga vifungo? Nani anamkatia nyama? Najua toka wiki ya kwanza."

"Na yule muuguzi?" nilisema.

"Yule ana mama yake wa kumlilia." Alikuwa anakunja pembe ya turubai, anaikunjua. "Mimi nina huyu. Bado safari moja tu akae kwenye kiti, wifi yangu. Moja. Ungeweza kunyamaza. Kazi yako si ndiyo hiyo?"

Nilikwenda kuwasha jiko.

Zilikuja siku kumi na moja za kusubiri. Kaka alikaa dirishani. Kila asubuhi mlima ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa, hakuna ukungu, hakuna wingu, hali ya hewa ambayo madereva huiomba na hawaipati. Aliutazama ule mlima, kisha akanitazama mimi nikijiandaa kwenda kazini, kisha akarudi kwenye mlima.

Siku ya kumi na mbili Kipara alikuja kurudisha koti na glavu. Uso wake ulikuwa umebabuka kwa upepo. Wifi akampa chai. Alijaribu kuzungumza mengine, akauliza habari za majirani, lakini kaka akamwambia, "Sema."

Basi akasema. Walifika wote. Tatizo lilikuwa moja tu, kwenye mteremko baada ya daraja la pili, barafu chini ya unga wa theluji, huioni mpaka uko juu yake.

"Nilisikia tairi la mbele linaniaga," alisema Kipara. "Nikaigusa breki hivi, kidogo, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Ningeongeza hata unywele, tungekwenda. Tukasimama. Muuguzi akashusha mguu wa kulia, haukupata ardhi, ni genge. Alikaa pale juu ya kiti anasali mpaka wa nyuma wakafika kutuvuta."

Kikombe cha wifi kiligonga kisahani.

"Ningesimama," kaka alisema.

Wifi alifuta chai iliyomwagikia kisahani.

"Ningesimama."

"Ndiyo, kaka," Kipara alisema, anatazama chai yake. "Wewe ungesimama mapema kuliko mimi."

Na kaka akainuka akatoka nje bila koti, kwa sababu tulijua sote wanne kwamba maneno yale yalikuwa sadaka.

Mwezi wa tatu karakana ikaachiwa Kipara. Alikuja mwenyewe kusema, amevua kofia, upara unang'aa, hana utani hata mmoja. Kaka alipewa kazi ya geti palepale, kufungua na kufunga. Komeo la lile geti ni la chuma. Anapolishika huangalia vidole vyake kwanza, halafu komeo, halafu vidole. Madereva wakipita humpigia honi kwa heshima, na nadhani angependa wasipige.

Siku moja alinyanyua birika jikoni. Mimi nilikuwa nasuka nywele za wifi mlangoni, tulianza kuzungumza tena taratibu, mambo ya nyumba tu. Tulisikia harufu kabla ya kuona. Kaka alikuwa amesimama na birika mkononi, anamimina chai kwa utulivu, mkono umeshika chuma mahali pasipo na mpini.

Jumatatu yake nikaichukua ile glavu ya kulia, ya mlimani, nikaifumua. Nikaondoa ukanda wa ngozi niliouweka kwenye vidole, nikarudishia sufu nene upande wa kiganja, nikaifupisha. Sasa inaning'inia kwenye msumari karibu na jiko. Anaivaa akitaka kumimina chai. Glavu iliyovuka shingo ya mlima inakaa jikoni na harufu ya vitunguu.

Mama Turubai aliniuliza mara moja tu. "Ya kumi na mbili iko wapi?"

"Imebaki nyumbani," nilisema.

Habari alikuwa ameshazisikia, mji wote ulikuwa umezisikia. Akanunua nyingine, akaitia kwenye kopo, akarudi kwenye cherehani yake. Ile ya kwanza kaka aliichomoa mwenyewe siku ile akaja nayo nyumbani, akaikandamiza kwenye fremu ya mlango wa sebuleni, usawa wa macho yangu. Nikitoka naiona, nikiingia naiona. Sijaing'oa. Si ya kung'olewa na mimi.

Haniiti Ukuta tena. Ananiita jina langu kamili, kama mtu anavyomwita mpangaji.

Lakini daktari alisema mikono ile lazima iangaliwe kila siku, kwa sababu kidonda asichokisikia kinaweza kuoza kabla hajakiona, na wifi hawezi, akiishika mikono ile analia. Kwa hiyo nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, kaka anaiweka mezani, viganja juu, uso ameugeuzia dirishani. Nakaa mbele yake. Naangalia kiganja, nyuma ya kiganja, kati ya vidole, chini ya kucha, kimoja kimoja, vyote kumi. Siku nyingine nakuta mchubuko, natia dawa. Siku nyingine hakuna.

"Hakuna," namwambia.

Naye anairudisha mifukoni.